Vinginevyo, Iko Njiani

Aliingia ofisini kwetu, hapa Kolwezi, akiwa ameshika simu kwa mikono miwili, mbele ya kifua, kama mtu anayebeba bakuli la mchuzi lililojaa mno. Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu, na matope ya uwanja wa malori yalikuwa yamempanda hadi kwenye pindo la kitenge. Nilimpa kiti, akakataa kukaa.

"Tata, ni weye unaandikaka hii?" aliuliza, akiniita baba kwa heshima.

Nilitazama kioo cha simu. Ulikuwa mmoja wa kurasa zetu: namba ya lori, jina la dereva, mahali lilipotoka, mahali linapokwenda, na chini yake, kwa herufi nene, hali ya safari. Iko njiani.

"Ni mashine inaandika, mama," nilimwambia. "Mi naipatia habari tu."

"Basi uiulize. Njia gani?"

Nilicheka kidogo, nikidhani ni mteja anayesubiri mzigo wa mihogo. Wateja wa aina hiyo walikuja kila siku, wakanitania, nami nikawatania. Kisha nikasoma jina la dereva kwenye ukurasa, nikamtazama tena yule mama, nikaacha kucheka. Alikuwa mke wake. Lori lile lilikuwa limepita Kasaji kitambo, likiwa na chumvi, sabuni na vitambaa, likashika barabara ya Sandoa. Malori mengine yaliyoondoka nyuma yake yalikuwa yameshakwenda na kurudi, na hakuna aliyepishana nalo.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa mtu hawezi kuelewa kilichompata mama huyu. Wala si ngumu. Ulishaona watu wakifyatua matofali kwa udongo wa kichuguu. Kuna udongo, na kuna kalibu ya mbao. Udongo hauna umbo lake, kalibu nayo haina udongo ndani yake. Ukivikutanisha linatoka tofali, na la pili linafanana na la kwanza. Kurasa zetu zilizaliwa hivyohivyo. Upande mmoja kulikuwa na faili ya XML, yaani maandishi ya kawaida ambamo kila habari imewekwa kati ya alama mbili, moja ya kufungua na nyingine ya kufunga: hapa linaanza lori, hii ni namba yake, huyu ni dereva, huko ndiko linakokwenda, hapa linaishia lori. Faili hiyo haikusema lolote kuhusu rangi wala ukubwa wa herufi. Upande wa pili kulikuwa na kiolezo, nacho pia kimeandikwa kwa XML, ambacho hakikulijua lori hata moja. Kilichojua ni kwamba kila kikikuta alama ya lori kitengeneze ukurasa, juu kiweke namba na dereva, katikati safari, chini hali. Asubuhi niliandika habari mpya kwenye faili, nikatoa amri moja, na kurasa zote zikatoka upya, ukurasa mmoja kwa kila lori. Zilikuwa nyepesi. Mtu mwenye simu ndogo huko Kasaji, akipanda mahali pa juu kutafuta mtandao, aliweza kuufungua ukurasa wake kabla mtandao haujakimbia.

Sikuunda mfumo huo. Niliukuta umeachwa na mtu aliyenitangulia, ambaye alikwenda kutafuta maisha Lubumbashi. Aliuacha ukiwa nadhifu, na mimi niliupenda.

Sasa, kuhusu hali ya safari, kiolezo kilikuwa na sehemu ya kuchagua. Kama faili inasema lori linapakia, andika "Inapakia". Kama inasema limefika, andika "Imefika". Kama inasema limeharibika, andika "Imeharibika". Na mwisho kabisa: vinginevyo, andika "Iko njiani". Mtu mwangalifu hawezi kuacha kuweka hilo la mwisho. Asipoliweka, siku habari inapokosekana ukurasa unatoka na pengo, na pengo linatisha wateja. Kwa barabara yetu neno lile lilikuwa na akili nzuri tu. Lori likitoka Kolwezi wakati wa mvua linaweza kuzama kwenye matope likae humo juma zima. Dereva anapika ugali chini ya turubai, mtandao hakuna, na siku moja anatokea Sandoa akiuliza kwa nini watu wanamshangaa. Asiyefika yuko njiani. Ndivyo tunavyosemezana hapa, ndivyo patroni wangu, mwenye malori, alivyotaka, na ndivyo kiolezo kilivyofundishwa.

Nilimweleza yule mama yote haya, kwa udongo na kalibu, kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza akasema, "Kumbe hakuna mutu aliona."

"Hakuna mtu."

"Mashine imekosa habari, njo inasema iko mu njia."

"Njo vile, mama," nilikubali.

Hapo ndipo alipokaa. Nilimwona akishusha pumzi, na nikafurahi kwamba ameelewa, kama mwalimu anavyofurahi. Nilifikiri kuelewa kutamsaidia.

Mumewe alitoka katika zile familia za Kiislamu zilizokuja kutoka mashariki, za biashara na usafirishaji. Mama mwenyewe alizaliwa Maniema, akaletwa huku kuolewa. Waliishi Kapata, katika nyumba mojawapo ya zile za mistari zilizojengewa wafanyakazi wa mgodi zamani, pamoja na kaka mkubwa wa mumewe, ambaye alikuwa akiuza vitenge sokoni. Mama yake mzazi, huko Maniema, alikuwa mgonjwa na alikuwa akimwita. Lakini mke wa mtu aliye safarini hatoki nyumbani kwa mumewe akavuka nchi na watoto. Mjane anaweza. Mjane anakaa eda, analia, anaombewa, na eda ikiisha anaruhusiwa kurudi kwao. Alichohitaji ni kujulikana kuwa yeye ni yupi kati ya hao wawili. Alikwenda kwa sheikh, sheikh akamwambia alete shahidi, au familia ikubali. Alipokwenda kwa familia, shemeji yake alitoa simu mfukoni, akafungua ukurasa wetu, akamwonyesha.

"Anasema nataka kuzika mutu muzima," aliniambia. "Ananionyesha simu mbele ya batoto. Baba yenu eko mu njia, hii hapa imeandikwa."

Kuhusu mumewe palikuwa na maneno mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya kusikia. Patroni alikuwa ametuma mtu kwa pikipiki. Alikuta daraja moja la magogo limechukuliwa na maji, na alama za magurudumu zinazoshuka hadi ukingoni. Lakini mvua ilikuwa imezipiga alama hizo, na wenyeji walisema huenda ni za gari jingine lililogeuza. Neno la pili lilitoka kwa madereva, uwanjani: kwamba jamaa alikata njia, akavuka mpaka wa Angola, akauza lori na mzigo, sasa anakula maisha. Walilisema huku wakicheka, kwa sababu ndilo lililokuwa jepesi zaidi kubeba. Wote walipaswa kupita njia ileile.

Nilikwenda kwa patroni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye tabia ya kusafisha miwani kwa ncha ya shati kila anapotaka muda wa kufikiri.

"Hilo neno tulibadilishe," nilimwambia. "Pale ambapo hatuna habari, ukurasa useme hatuna habari."

"Useme nini?"

"Hatujui."

Alisafisha miwani. "Mutu analeta mizigo yake. Anauliza, iko wapi? Weye unamujibu, hatujui. Kesho atarudi?"

"Lakini ni kweli, patroni."

"Kweli ibebe mizigo basi."

Sikuondoka. Nilimweleza habari ya mke wa dereva, naye aliijua. Yeye na dereva walitoka upande mmoja wa nchi, na aliwahi kula nyumbani kwake. Aliisafisha miwani tena. Mwishoni akasema, "Weka, tuone. Watu wakipiga kelele, unarudisha."

Kubadilisha kulikuwa kazi ndogo, neno moja katika mstari mmoja. Huo ndio uzuri wa kiolezo: unagusa mahali pamoja, na kurasa zote zinabadilika. Ndio ubaya wake pia. Asubuhi ile mtandao wa Kasaji ulikuwa umelala, na mawakala wetu hawakuwa wametuma habari yoyote. Nilitoa amri. Malori yote yaliyokuwa barabarani yakatoka na neno moja: Hatujui.

Kabla ya adhuhuri uwanja ulijaa wake na mama za madereva. Wengine walikuwa wamefunga vitambaa kiunoni kama watu wanaokwenda msibani, na mmoja alikuwa ameshaanza kulia tangu barabarani. Mama mmoja mzee alisimama mlangoni kwangu, akanielekezea kidole.

"Hamujue? Ni mweye mulimutuma, na hamujue?"

"Mama, haina maana kwamba..."

"Mulijua siku ya kumutuma. Mulijua kumupakia. Sasa hamujue."

Mmoja wa madereva alikuwa amefika alfajiri, wala hakuwa ameripoti, akalala palepale uwanjani chini ya lori lake. Mkewe alimkuta akikoroma. Alivua kiatu akampiga nacho, watu wakacheka, na kwa muda kidogo hali ikapoa. Yule dereva alinijia akisugua bega. "Tata Interneti," alisema, maana ndivyo walivyoniita, "siku ingine uandike nimefika hata kama sijafika. Bibi apike, mi nitafika tu."

Patroni hakunigombeza. Alisimama mlangoni na kusema, "Umeona," nami nikarudisha neno la zamani.

Nilibakiwa na njia moja. Ingewezekana kuongeza hali nyingine kwenye kiolezo, kwa lori lile moja tu, bila kugusa mengine. Kitaalamu ni mistari miwili. Nilimwambia patroni hivyo, akauliza neno litakuwa lipi. Nikamwambia hilo ni lake kulitoa, yeye ndiye mwenye lori.

"Nitasema imepotea? Kesho benye mizigo batakuwa hapa. Nitasema dereva amekufa? Mi nilimuona?" Aliivaa miwani. "Na weye? Sema basi. Weye unajua kuandika. Andika neno."

Nilikaa mbele ya mashine, sehemu ile mpya nimeshaitayarisha, na kati ya alama ya kufungua na ya kufunga hapakuwa na kitu. Nilijaribu maneno mengi. Kila neno ambalo lingemfungulia yule mama mlango lilikuwa linadai kwamba mtu fulani aliona. Na hakuna aliyeona. Niliifuta sehemu ile.

Baada ya hapo patroni alichoka na mzaha wa wateja, waliozoea kufungua ukurasa wa lori lile na kuonyeshana. Akaniambia nilitoe kwenye faili. Nilitoa kila kitu, kuanzia alama inayofungua lori lile hadi ile inayolifunga, nikatoa amri, na kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti lori likawa halipo tena. Wala hapakuwa na pengo. Namba zilizobaki zilisogea juu.

Haukupita muda, yule mama akaja. Safari hii alikaa bila kuambiwa.

"Bado iko," alisema, akaniwekea simu mezani.

Ilikuwapo kweli. Alikuwa ameihifadhi anwani ya ukurasa wenyewe, wala hakupitia ukurasa wa mbele. Hapo tena ilinibidi nieleze. Mfumo wetu ulijua kutengeneza kurasa. Kufuta haukujua, kwa sababu hakuna aliyeufundisha. Lori likitoka kwenye faili, mashine haitengenezi ukurasa wake mpya, lakini ule wa zamani unabaki palepale ulipoandikwa, hakuna kiungo kinachoelekea kwake, wala anayeuhuisha. Tofali lililokwisha kukauka haliondoki uwanjani eti kwa sababu umeacha kufyatua.

"Na itasema vile mupaka lini?"

"Mpaka mtu aufute kwa mkono."

"Uufute, tata."

Niliufuta mbele yake. Alifungua tena simu, akasubiri, na maandishi yakatokea kwamba ukurasa haukupatikana. Aliyasoma kwa sauti ndogo. Akaniuliza kama maandishi hayo shemeji yake pia atayaona, nikamwambia kila mtu duniani atayaona. Akanishukuru, akaondoka haraka, kama mtu aliyebeba kitu kinachopoa.

Aliporudi hakuwa na simu mkononi. Alisema shemeji alifungua ukurasa, akaukosa, akamtazama, kisha akafungua mahali anapoweka picha. Alikuwa ameupiga picha ukurasa zamani. Picha ile haikuwa kwenye mashine yangu, na hakuna amri ambayo ningeweza kuitoa.

"Uende umueleze," aliniomba. "Weye unajua kueleza. Mi akinisikiliza anaona ni kuolewa tena kunanisumbua."

Nilikwenda Kapata siku ya mapumziko. Shemeji alinipokea vizuri, akanikalisha kwenye kiti chenye mto, akaagiza chai na maandazi. Alikuwa mtu mstaarabu, amevaa kofia safi, na mdogo wake alimtaja kwa jina la utotoni. Nililiona hilo mapema, na nilipaswa kujua kwamba sikuja kwa mtu mkorofi. Yule mama alikuwa nje kidogo ya mlango, anapepea makaa kwenye jiko la mbabula, mgongo wake umetuelekea.

Nilianza na udongo na kalibu. Nikaenda polepole, nikampa nafasi ya kuuliza, nikachora kwa kidole kwenye meza: hii faili, hiki kiolezo, huu ukurasa. Nilipofika kwenye neno la mwisho la kiolezo, lile vinginevyo, nilimweleza kwamba hapo ndipo habari zote zinazokosekana huangukia. Alitikisa kichwa kwa heshima hadi mwisho.

"Unajua kufundisha, tata," alisema. "Nimesikia yote. Sasa nikuulize mi pia. Kama ndugu yangu alikufa mu maji na hakuna mutu aliona, ile mashine ingeandika nini?"

"Iko njiani."

"Na kama eko muzima, eko Angola, analima mihogo, na hakuna mutu aliona?"

"Iko njiani."

"Kumbe ni moja."

"Ni moja. Ndiyo maana nasema, ule ukurasa hausemi kitu."

"Njo hivyo. Hausemi kitu." Alikunja mikono mapajani. "Mweye munataka nimuzike ndugu yangu kwa sababu ya kitu chenye hakisemi kitu."

Nilikuwa nimekuja kuondoa ushahidi kwamba mtu yu hai, na nilikuwa nimeuondoa vizuri kabisa, kiasi kwamba hapakubaki chochote cha upande wowote. Nje, yule mama alikuwa ameacha kupepea makaa. Shemeji alinimiminia chai tena. Alisema wazee wao wanajua safari ndefu, kwamba mtu aliweza kukaa miaka huko anakotafuta, akarudi na mvi, akakuta mkewe amemngoja. Alilisema kama zawadi. Alisema pia kwamba watoto hawatakosa chakula maadamu yeye anapumua, na nilimwamini.

Yule mama alinisindikiza hadi kwenye barabara ya lami, hatua chache nyuma yangu. Nilimwambia nitafikiri, kwamba huenda siku za kiangazi maji yakishuka mtu atapita pale darajani na kuona kitu. Nilimwambia asikate tamaa. Nilikuwa nimezoea kuwaambia watu hivyo.

"Tata," alisema, "unaeleza muzuri. Kila mara ukieleza, batu banazidi kuwa na haki. Usikuje tena kueleza."

Hakusema kwa hasira. Aliniaga kama mtu anavyomuaga mgeni, akaniombea safari njema, akarudi.

Kiangazi kilikuja, maji yakashuka. Daraja lilitengenezwa kwa magogo mapya, na waliolitengeneza walisema chini hapakuwa na kitu, mchanga tu, lakini mto ule hubeba mbali. Patroni alinunua lori jingine, akampa dereva mwingine. Niliongeza alama zake kwenye faili, na lilipotoka mara ya kwanza kwenda Sandoa ukurasa wake ulitoka vizuri, na neno lile chini, kwa herufi nene.

Mama mzazi wa yule mama, huko Maniema, alifariki kabla ya mvua kurudi. Nilisikia hilo kwa madereva. Yeye hakwenda.

Namwona sokoni mara mojamoja, karibu na meza ya vitenge ya shemeji yake. Tunasalimiana. Huwa amevaa vitambaa vipya vya rangi kali, njano na nyekundu, vimeshonwa vizuri kabisa, kwa sababu shemeji hataki watu wamwone amevaa kama mjane; anasema huko ni kumzika ndugu yake kwa nguo.